Miguu ya Kimanzi

Mliponiaga shuleni mlinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye kuanzia kesho yake hangojwi popote. Tukiwa mezani mwalimu mmoja kijana akaniuliza kama mtoto anayependa mpira kupita kiasi anyimwe mpira mpaka mtihani uishe. Nilimwambia wali unapoa. Halikuwa jibu, na yeye alijua si jibu, lakini alikuwa na adabu, akala. Jibu lenyewe ni refu na si la mezani. Tangu siku hiyo nimekaa nyumbani nikitafuta namna ya kulifupisha, nimeshindwa, kwa hiyo naliandika lote. Habari za vyeo nitaziruka. Nilipanda polepole kama wengine, na sijaona mtu aliyejifunza kazi kwa kusikia mwenzake alipandaje.

Nilizaliwa Kilungu, kwenye vilima vya upande wa Makueni, mahali ambapo ukungu hushuka asubuhi na maji hushuka mchana kutwa. Mwanzoni mwa miaka ya thelathini, baada ya kufundishwa ualimu na misheni, nilipelekwa Kitui, kwenye shule ndogo ng'ambo ya Tulia. Misheni sitaitaja, wala shule. Wakubwa wake wa wakati ule wamekufa na watoto wao ni watu wema. Lori lilinifikisha boma la Kitui, na kutoka hapo nikatembea na sanduku kichwani. Nilikuwa sijawahi kuona mito ya mchanga mtupu. Niliuliza njiani mto uko wapi, nikaambiwa ndio huo nimesimama juu yake.

Mwalimu mkuu aliitwa Yeremia. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, koti lake limefungwa vifungo vyote hata kwenye jua la saa saba. Alinitazama viatu kwanza, kisha uso.

"Umetoka Kilungu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Huko kwenu mnaoga kila siku."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hapa utaacha," akasema, akanionyesha pa kulala.

Shule ilikuwa nyumba moja ya udongo iliyoezekwa nyasi, na magogo ya kukalia. Ubao tuliutengeneza wenyewe: mbao tatu zilizopigiliwa pamoja na kupakwa masizi yaliyochanganywa na utomvu wa mnyaa. Ukiandika kwa nguvu mbao zinaachana, na hesabu ya kutoa inapata ufa katikati. Vibao vya kuandikia vilikuwa vimevunjika mpaka kila mtoto akawa na kipande, na watoto walijua kipande cha nani ni kipi kama watu wanavyojua mbuzi wao. Tulikuwa na firimbi moja na mpira mmoja wa ngozi, wa kufungwa kwa kamba mdomoni. Ukiupiga kichwa upande wa kamba, unakwenda nyumbani na alama.

Yeremia ndiye aliyenifundisha kazi, si chuo. Alinifundisha kutazama midomo ya watoto asubuhi kabla ya kusema lolote. "Mdomo mweupe hajala," aliniambia. "Huyo usimwite ubaoni. Utampiga bure." Alinifundisha kuanza na hesabu wakati kivuli bado kirefu na kumaliza na kuimba wakati akili zimeyeyuka. Na kwa kuwa nilikuwa kijana wa miguu mizuri, akanipa firimbi.

"Michezo ni yako," akasema. "Lakini uelewe ni ya nini. Misheni haikuleta mpira ili watoto wafurahi. Umeletwa ili kijana achoke, jioni asiwe na nguvu za kwenda ngomani."

Nilidhani anatania. Baadaye niligundua kwamba Yeremia hatanii siku za kazi.

Ninyi wa siku hizi mnaziona ngoma zetu kwenye sherehe, wageni wakipiga makofi, na watoto wa shule wakizicheza wakiwa wamevaa sare. Wakati huo mambo yalikuwa mengine. Ngoma ya kuruka, ile ambayo vijana wanapaa na kujipindua hewani huku ngoma ndefu zikilia, ilikuwa dhambi kanisani. Aliyebatizwa akionekana hapo alifukuzwa meza ya Bwana. Na upande wetu wa Tulia aliyekuwa akiongoza warukaji alikuwa mtu mmoja anaitwa Musyoka. Watu walitembea kutoka Mwingi kuja kumwona. Walisema akipaa, mama anaweza kuita mtoto, mtoto akaitika, na Musyoka bado yuko juu.

Musyoka huyo ndiye aliyetuletea Kimanzi.

Alikuja na mkewe, Ndinda, aliyekuwa ameanza kwenda kanisani, na mtoto katikati yao, wa miaka kama kumi, mwembamba, mwenye miguu iliyoonekana imeazimwa kwa mtu mkubwa. Ndinda alitaka mtoto asome. Musyoka hakupinga. Alisimama mbele ya Yeremia, mtu aliyekuwa akiombewa kila Jumapili abadilike, akazungumza kwa upole.

"Mwalimu, mama yake anasema kusoma ni kuzuri. Mimi sijui kusoma, siwezi kubishana. Mchukueni asubuhi mpaka jua ligeuke. Jioni ni yangu. Jioni nitamfundisha nilichofundishwa na baba yangu."

"Unachomfundisha sisi hatukitaki," Yeremia akasema.

"Najua. Sikuwaomba ninyi mkitake."

Watoto walikuwa wachache mwaka ule, na misheni ilikuwa imesema shule ikizidi kupungua itafungwa. Akamwambia Ndinda amlete mtoto kesho yake. Kwa hiyo mapatano yalifanywa, ingawa kanisani hakuna aliyeyatangaza.

Nimefundisha watoto wengi, na sitawaambia Kimanzi alikuwa na akili kuliko wote. Alikuwa na akili ya hesabu, na alikuwa na bidii, na mambo hayo mawili hayakutani mara nyingi. Kusoma kulimpa taabu mwanzoni. Alizikodolea macho herufi kama mtu anayengoja ziondoke. Lakini alikuwa haketi vizuri. Alitikisa goti, alisimama bila kuitwa, aligusa dari ya nyasi kwa mkono kila alipopita mlangoni. Nilikuwa nimefundishwa chuoni kwamba mtoto wa namna hiyo atulizwe kwa kiboko. Nilijaribu mara moja, akatulia, na siku hiyo hakujibu hesabu hata moja. Nikaacha. Nilimtuma kuchota maji mbio, akirudi anahema, nampa hesabu, anazimaliza kabla jasho halijakauka. Hilo sikulisoma kwenye kitabu chochote, wala sikuwa na jina la kuliita. Nilimwambia Yeremia, naye akasema, "Basi mtume maji," maana yeye alipenda kitu kinachofanya kazi.

Kisha nzige wakaja. Walipita kama wingu lenye mchanga, wakaacha mawele yamebaki vijiti. Mvua iliyofuata haikufika. Wengi wenu mmesikia habari za njaa hizo kwa babu zenu. Mimi nitasema tu yaliyotokea darasani. Midomo ikawa myeupe karibu yote. Watoto wengine walihama na wazazi wao kwenda kutafuta chakula upande wa Machakos, wengine hatukuambiwa walikoenda. Tulipika uji mwepesi kwenye pipa, na kuna asubuhi ambazo shule nzima ilikuwa ni kukaa kuuzunguka uji.

Wiki ya kwanza ya uji Yeremia alikuja akanyoosha mkono, nikampa firimbi. Akaitia mfukoni.

"Hakuna mbio," akasema. "Mtoto asiyekula akikimbia anakula mwili wake."

Jioni ile nilipita karibu na kwa Musyoka nikitafuta mbuzi wa shule aliyepotea. Ngoma zimelazwa ukutani, zimefunikwa. Nilimuuliza kama warukaji wameacha. Akanijibu jambo lile lile la Yeremia, kwa maneno yake mwenyewe: tumbo tupu haliruki. Nilirudi nikiwaza kwamba wanaume hawa wawili, wasiosalimiana ila kwa lazima, wanajua jambo moja kuhusu mtoto. Sikumwambia Yeremia. Asingefurahi kufananishwa.

Mvua zilirudi, si nyingi, lakini zilirudi. Ndengu zikakubali. Baadhi ya watoto walirudi na baadhi hawakurudi, na tulijifunza kutouliza. Firimbi nikarudishiwa. Miaka miwili mitatu ikapita hivyo, Kimanzi akawa mvulana wa darasa la mwisho, na mimi nikaanzisha mchezo wa kuruka juu, kwa sababu mpira wetu ulikuwa umekufa na kuruka kunataka nguzo mbili na kamba ya mkonge tu.

Siku ya kwanza watoto waliruka wakaangukia kamba, wakacheka. Kimanzi aliitazama kamba kwanza. Akarudi nyuma, akaja kwa upande, akapaa. Nilipandisha kamba. Akapaa tena. Niliipandisha mpaka usawa wa kidevu changu, na hapo nikaacha, kwa kuogopa tu. Yeremia alikuwa amesimama mlangoni. Alijua vizuri mtoto amejifunzia wapi kuruka namna ile. Mwezi uliofuata alimwandikisha kwa michezo ya wilaya.

Tulitembea mpaka bomani Kitui, watoto wanane na mimi, kila mmoja na chakula chake kwenye kitambaa. Shule kubwa zilikuja kwa lori, na bukta nyeupe. Sisi tulikuja na vumbi. Sitawasimulia mbio zote. Tulishindwa karibu zote. Kwenye kuruka, wengine walipoacha mmoja mmoja, alibaki Kimanzi na kijana mmoja mkubwa mwenye ndevu, ambaye kama alikuwa mwanafunzi basi na mimi ni mwanafunzi. Kijana akaangusha kamba. Kimanzi akapita, kisha akaomba wapandishe tena, akapita tena, ingawa alikuwa amekwisha kushinda. Wazungu walipiga makofi. Bwana wa misheni yetu, yule Mzungu mkubwa wake, alikuja akamshika bega, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kanisani, "Mwenyezi Mungu amekupa miguu." Mtu mwingine wa serikali akaniuliza mtoto anasomaje. Nilimwambia anasoma vizuri. Akasema basi mwisho wa mwaka aletwe kwenye mtihani wa kuingia shule kubwa, mtoto kama huyo anatakiwa.

Nilirudi Tulia nikiwa na furaha ambayo sijaipata tena kazini. Yeremia mwenyewe alifungua kifungo kimoja cha koti.

Mavuno yalipokuja kulikuwa na ngoma. Ndio uliokuwa wakati wake siku zote, na baada ya njaa ile watu walikuwa na sababu. Kimanzi alicheza na baba yake, mchana kweupe, kama alivyocheza miaka yote tangu tumpokee. Tofauti ni kwamba sasa alikuwa mtu anayejulikana. Mzee mmoja wa kanisa alipita, akaona yule mtoto aliyeshikwa bega na Bwana anajipindua hewani kati ya wapagani, akaenda moja kwa moja misheni.

Bwana alikuja kwa pikipiki. Tulikutana darasani: yeye, mzee wa kanisa, Yeremia, mimi, na Ndinda aliyeketi gogo la mbele kama mwanafunzi. Kimanzi aliambiwa angoje nje. Uamuzi ulikuwa umekwisha kufanywa njiani. Mtoto atahamia bweni la misheni mpaka mtihani. Hatakwenda nyumbani. Na michezo pia hapana, hata kuruka kamba, kwa kuwa huko ndiko kiburi kilikoanzia, atasoma tu.

Nilikuwa mdogo kuliko wote pale na sikutakiwa kusema. Nilisema hata hivyo.

"Bwana, mtoto huyu hasomi akiwa ameketi tu. Nimemfundisha mimi. Ukimwondolea kuruka utamwondolea na hesabu."

Bwana alimtazama Yeremia, kama mtu anayeuliza mbwa huyu ni wa nani.

"Mshika mbili moja humponyoka," Yeremia akasema polepole. "Ni afadhali sisi tuchague ipi imponyoke."

"Kwa nini asiulizwe mwenyewe?"

"Ni mtoto," Yeremia akasema, na hapo mazungumzo yakaisha upande wangu.

Bwana alimgeukia Ndinda, akamuuliza kama anakubali. Ndinda aliingiza mikono kwenye kanga.

"Nilimleta asome," akasema. "Kama kusoma kunataka hivyo, mchukueni. Lakini baba yake mtamwambia ninyi. Mimi siwezi."

Hatukuhitaji kumwambia. Musyoka alikuja kesho yake, peke yake, bila fimbo. Alimkuta Yeremia uwanjani.

"Tulipatana, Mwalimu. Asubuhi yenu, jioni yangu."

"Mambo yamebadilika, Baba Kimanzi. Mtoto ana nafasi ambayo hakuna mtoto wa hapa amewahi kuipata. Ile miguu yake inamzuia kusoma. Ni miezi michache tu."

"Imemzuia lini? Si ninyi mlimpeleka bomani kwa miguu hiyo hiyo?"

Kisha Musyoka akasema, "Haya. Mama yake amekubali. Sitampasua mtoto vipande viwili kama mbuzi wa mahari." Akaenda zake.

Bweni lilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya misheni, mwendo wa nusu saa kutoka kwetu. Asubuhi Kimanzi aliletwa darasani na mlinzi, jua likizama akarudishwa. Sikuruhusiwa tena kumtuma maji. Mwezi wa kwanza alikuwa na adabu mpya iliyonitia baridi. Goti halikutikisika. Alipopita mlangoni aliinamisha kichwa, ingawa mlango ulikuwa mrefu. Mwezi wa pili akaanza kukosea. Si hesabu ngumu. Hizo alizifanya polepole akazipata. Alikosea zile nyepesi za kujumlisha, ambazo mtoto wa darasa la kwanza huzijibu akipiga miayo. Jioni, nikiwapeleka wengine uwanjani, niliacha madirisha wazi ili apate hewa. Aliinuka akayafunga.

Nilimwendea Yeremia mara mbili. Mara ya kwanza aliniambia mtoto anazoea. Mara ya pili nilimkuta amekaa mbele ya kipande cha Kimanzi, anatazama majibu.

"Anaumwa?" akaniuliza.

"Haumwi, Mwalimu."

"Amekula?"

"Amekula."

Akageuza kipande juu chini, kama kwamba upande wa pili kuna sababu. "Nimewaandikia misheni," akasema. "Wamesema imebaki kidogo, tusilegee."

Mtihani ulifanyiwa bomani. Nilimpeleka mimi. Njia nzima alitembea nyuma yangu, yeye aliyekuwa akitangulia siku zote na kunirudia. Majibu yalipokuja, wavulana wawili wa shule nyingine walikuwa wamechaguliwa. Kimanzi alishindwa hesabu. Bwana alisema ni mapenzi ya Mungu, akamfungulia bweni.

Alirudi kwa baba yake bila kuaga. Sikumlaumu. Musyoka alimpokea, na haya yaliyofuata nilisimuliwa na Ndinda mwenyewe. Kulikuwa na ngoma kubwa imeandaliwa upande wa Kyuso, na watu walikuwa wameahidiwa kumwona mtoto aliyeshinda bomani. Musyoka alikataa. Alimwambia mwanawe mwili uliolala miezi yote hiyo hauamki siku moja. Angoje mvua zipite, waanze upya na miruko ya chini. Kimanzi akasema anaweza. Baba akasema hapana. Ngoma zilipolia kijana akaingia katikati.

Alipaa kama zamani, Ndinda alisema. Kupaa hakuwa amekusahau. Aliposhuka ndipo mwili haukujua uko wapi. Alianguka kwa nyonga na mguu ukiwa umejikunja chini yake, na waliokuwa karibu walisikia mfupa ukivunjika hata ngoma zikilia.

Mzee wa kuunga mifupa wa Kyuso alifanya alivyoweza. Walipomfikisha hospitali bomani mfupa ulikuwa umeanza kuunga vibaya. Daktari alisema atatembea, lakini goti halitakunjika tena na mguu utakuwa mfupi. Nilikwenda kumwona. Alikuwa amegeukia ukuta. Nilikaa kando yake mpaka nikafukuzwa na muuguzi, na hatukuzungumza, kwa kuwa sikuwa na la kusema ambalo ukuta haukuwa umemwambia.

Miezi ilipita. Asubuhi moja tukiwa tumeanza hesabu nilisikia watoto wamenyamaza. Musyoka alikuwa mlangoni. Nje alikuwa amesimamisha punda, na juu ya punda ameketi Kimanzi, magongo mapya mapajani. Yeremia alitoka, na mimi nikatoka nyuma yake.

Musyoka alikuwa amezeeka. Alimshusha mwanawe kama mtu anayeshusha chungu, akamwegemeza kwenye magongo, kisha akamtazama Yeremia. Hakuwa na hasira. Ningeona afadhali angekuwa nayo.

"Mwalimu, ulisema miguu yake inamzuia kusoma," akasema. "Sasa haitamzuia tena. Mfundisheni."

Akamshika punda kamba akaondoka.

Yeremia akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya: akavua koti. Akamtandikia Kimanzi koti hilo juu ya gogo ili nyonga isiumie, akamkalisha mbele. Kuanzia siku hiyo, kila jioni nilipopiga firimbi, Yeremia hakubaki ofisini kwake kwenye kona. Alikaa darasani na Kimanzi, wawili tu, wakafanya hesabu mpaka mwanga ukaisha. Hakuomba msamaha, nami sikumsikia akitaja ngoma tena, si kanisani wala popote. Watoto wa warukaji walipoletwa shuleni, aliwaandikisha bila kuuliza jioni zao ni za nani. Mzee wa kanisa alimshitaki kwa hilo. Yeremia alimwambia aende akamwambie Bwana, na yeye mwenyewe atamfuata nyuma na Kimanzi. Mzee hakwenda.

Kimanzi alisoma vizuri, kwa namna ya mtu anayechimba. Mwaka uliofuata tulimpeleka tena mtihani, safari hii juu ya punda, na Yeremia mwenyewe akashika kamba. Alifaulu. Alikuwa wa kwanza katika wilaya nzima kwa hesabu. Tulimshonea shati.

Shule kubwa ilimtaka afike aonekane na daktari kwanza. Alienda na Yeremia. Walirudi siku ya tatu, shati bado safi. Nilimuuliza Yeremia kumetokea nini, akaniambia nimuulize mtoto, kisha akaingia kwake akafunga mlango.

"Wamesema hawawezi kunichukua, Mwalimu," Kimanzi aliniambia. Alikuwa ameketi kwenye gogo, mguu umenyooka mbele yake. "Shule yao kila jioni ni michezo. Ni lazima kwa wote. Wamesema wanataka mtu kamili, akili na mwili, asiye na mwili hataweza kukaa na wenzake."

Nimelifikiria jibu hilo miaka yote hii na bado sijui nilikunje vipi. Walikuwa na haki kutaka mtoto akue pande zote mbili. Ndivyo nilivyosema mimi darasani siku ile, mbele ya Bwana.

Ndinda hakuacha kanisa, lakini aliacha kukaa mbele. Musyoka hakuongoza tena. Ngoma zake alimpa mtu wa Mwingi. Yeremia alifundisha miaka miwili zaidi, akaanza kukohoa, akafa wakati wa kiangazi. Kimanzi alikuja mazikoni kwa magongo kutoka mbali, akasimama mpaka mwisho, ingawa walimletea kiti.

Wakati huo alikuwa amepata kazi Mwingi, kwenye baraza la duka la mfanyabiashara mmoja Mwislamu aliyetoka upande wa kaskazini-mashariki na ng'ombe akaishia kuuza nguo. Mtu huyo alikuwa na cherehani ya kuzungusha kwa mkono, isiyohitaji miguu, na alimfundisha Kimanzi kushona. Alimwita "mwanangu" mbele ya wateja. Kimanzi alishona kanzu za wachuuzi wa mifugo na mashati ya wakulima, na alipokata kitambaa hakupima mara mbili.

Mwishoni mwa miaka ile nilihamishwa nikarudi upande wetu wa Makueni, shule ya Nzaui. Lori lilisimama Mwingi kupakia ngozi, nikashuka kumuaga. Alikuwa amenenepa kidogo mabegani, kama watu wanaotembea kwa mikono. Aliniletea kigoda, akamtuma mtu chai, akaendelea kushona kwa kuwa mwenye kanzu alikuwa anangoja. Tulizungumza habari za Yeremia, za mvua, za mama yake. Dereva alikuwa amekwisha kupiga honi nilipopata moyo wa kumuuliza nililotaka kumuuliza siku zote, na ambalo hakuna mtu aliyemuuliza wakati lilipohitaji kuulizwa.

"Kimanzi, kama siku ile darasani ungeitwa ndani, ukaulizwa uchague, kusoma au kuruka, ungesemaje?"

Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiri hesabu.

"Ningewauliza maana yake nini, Mwalimu," akasema. "Mimi sikuwa nimejua kwamba ni vitu viwili."

Akazungusha gurudumu, akamaliza mshono.